Ringi za pikipiki rangi mbili kwa rangi ya unga: kazi kubwa ni kuziba

Mkuu, umeuliza kama ringi za aloi zinaweza kupigwa rangi ya unga (powder coating) mara mbili, duara la nje jeusi na spoku za dhahabu, na kama rangi ya pili haitabanduka. Inawezekana, na ikipigwa sawasawa haibanduki. Nimefanya seti kadhaa za hivyo. Mbili za kwanza ziliharibika mikononi mwangu, ndiyo maana nitakaa zaidi pale zilipoharibikia.

Unga hushika kwa umeme. Unatoka kwenye bunduki ukiwa na chaji, ringi imefungwa waya wa ardhi, basi chembe zinaifuata na kuing'ang'ania mpaka ziingie kwenye oveni, ziyeyuke na kukomaa. Aina nyingi za unga zinataka chuma chenyewe kifike nyuzi joto 180 hadi 200 za Selsiasi na kikae hapo dakika 10 hadi 20. Nasema chuma, si hewa ya oveni. Habu, yaani kitovu cha ringi, ni nene, inachelewa kupata moto, kwa hiyo usianze kuhesabu dakika kabla habu haijafika.

Sasa rangi ya kwanza ikishakomaa inazuia umeme. Chaji haipati njia ya kushuka, inarundikana juu, unga unaanza kujisukuma wenyewe na kuacha vitundu na mabaka kama ganda la chungwa. Seti yangu ya kwanza ilikufa hivyo: niliiacha bunduki kwenye kilovolti 80 kama nilivyopigia rangi ya kwanza. Siku hizi rangi ya pili naishusha hadi 40 hivi na kupita kwa tabaka jembamba. Kushusha kunasaidia pia kwenye shina la spoku, ile pembe ya ndani ambako unga hukataa kuingia hata ukiubembeleza.

Kuhusu kubanduka: rangi iliyokomaa kabisa ni laini mno, ya juu yake haina pa kushikilia. Una njia mbili. Ama upitishe msasa laini sehemu itakayopokea rangi ya pili na kuifuta vizuri, ama rangi ya kwanza uitoe mapema, mara tu inapoyeyuka na kung'aa yote, kisha zote mbili zikomae pamoja. Njia ya pili inashikana vizuri zaidi, ila tepu ikikandamizwa juu ya rangi isiyokomaa huacha alama. Kwa ringi mimi nakomaza, napiga msasa.

Anza na ipi? Wengi huanza na dhahabu halafu wanahangaika kufunika spoku moja moja. Mimi napiga ringi nzima nyeusi, kisha naziba duara kwa tepu, maana duara ni mkanda tu na spoku zimejaa kona. Isipokuwa dhahabu yako iwe ya kupenyeza mwanga. Hiyo juu ya nyeusi itafifia, inataka rangi ya fedha chini yake. Hapo hakuna njia ya mkato, utaziba spoku.

Tepu iwe ya polyester ya kuhimili moto, ile ya kijani yenye gundi ya silikoni. Ya karatasi inaungua na gundi yake inabaki kwenye rangi. Nafuata ukingo ambao ringi tayari inao, palipo na mfereji au pembe, na mahali pa kupinda naanza na tepu nyembamba ya milimita 3, ndipo naongeza pana nyuma yake. Ukingo naukandamiza kwa ukucha, duru nzima, bila kuruka hata inchi.

Kubandua ndiko kulikoua seti ya pili. Niliacha rangi ikomae na kupoa, nilipovuta tepu mstari ukavunjika meno meno. Sasa naitoa ringi oveni mara unga unapoyeyuka, navaa glavu za moto, navuta tepu taratibu nikiikunja kurudi nyuma, kisha narudisha ringi ikomae. Ukingo unajilainisha wenyewe.

Kabla ya yote hayo toa beringi, sili, raba za habu na valvu. Baada ya kuisafisha kwa mchanga unaorushwa kwa hewa, ichome ringi tupu kwenye joto la juu kidogo kuliko la kukomazia, hewa iliyojificha kwenye aloi itoke. Isipotoka itatoboa rangi yako. Usivuke nyuzi 200 kwa kiasi kikubwa, maana moto mwingi unaorudiwa unalegeza aloi iliyopewa ugumu kwa joto. Na kama ni magnesiamu, mwambie fundi kabla hajaifanyia chochote.

La mwisho ni la usalama. Tabaka moja ni mikroni 60 hadi 80. Mawili na la kung'arisha juu yake yanafika 200. Ringi yangu moja niliirudishia diski ya breki juu ya rangi. Baada ya siku chache bolti zilikuwa zimelegea, kwa sababu rangi ilibonyea chini yake na mkazo ukapotea. Ziba kikao cha diski, cha sproketi, cha beringi na nyuzi zote za bolti kwa tepu na plagi za silikoni. Ukiikuta rangi hapo, ikwangue mpaka chuma kionekane kabla hujafunga kitu.