Uliza Ukoo Wako: Babu alikuwa Kaburu, je, sisi ni wa Wahugenoti?

SWALI: Habari yako mwalimu. Mimi niko Nakuru, upande wa Lanet. Nyanya yangu mzaa baba alizaliwa 1938 kwenye shamba la Kaburu huko Uasin Gishu, mama yake alikuwa anafanya kazi ya ndani na kila mtu kwetu anajua baba yake ni yule mwenye shamba, ni vile tu haisemwi. Makaburu walipohama karibu na uhuru, nyumba iliachwa wazi, huyo mama akaokota karatasi moja ya Biblia yao na nyanya bado anayo, imejaa majina na miaka, mahali pamoja imeandikwa geboren 1899. Jina la mzee nimekuandikia kando, tafadhali usilichapishe. Binamu yangu alilitafuta kwa intaneti akaambiwa ni jina la Wahugenoti, sasa ameshaanza kujiita Mfaransa. Ni kweli? Na tunaanzia wapi? – Mjukuu, Lanet

JIBU: Dada yangu, jina nimeliona na litabaki kwangu. Binamu yako hajakosea sana ila ameruka, ameanza na Ufaransa anataka kushuka mpaka Lanet, na ukoo hautafutwi hivyo. Tunaanza na nyanya tukipanda, mtu mmoja mmoja, na kila mtu awe na karatasi au shahidi wake.

Wahugenoti walikuwa Waprotestanti wa Ufaransa. Mwaka wa 1598 mfalme Henri wa 4 aliwapa ruhusa ya kuabudu kwa ile Amri ya Nantes, halafu 1685 mjukuu wake Louis wa 14 akaifuta, makanisa yakabomolewa, wachungaji wakafukuzwa nchini lakini waumini wa kawaida wakakatazwa kutoka, na bado watu kama laki mbili wakatoroka kwenda Uholanzi, Uingereza, Ujerumani na Uswisi. Wachache tu, kama 200 hivi, ndio waliosafirishwa na kampuni ya Waholanzi ya India Mashariki hadi Rasi ya Tumaini Jema, huko Afrika Kusini, kuanzia 1688, wakapewa mashamba upande wa Drakenstein na lile bonde linaloitwa Franschhoek, yaani kona ya Wafaransa. Kampuni haikutaka wajitenge, iliwachanganya na wakulima Waholanzi, hao ndio wazazi wa Makaburu, na baada ya vizazi viwili vitatu Kifaransa kikawa kimekwisha midomoni mwao. Majina yakabaki lakini nayo yakageuka: Villion ikawa Viljoen, Cronier ikawa Cronje, Pinard ikawa Pienaar, Jourdan ikawa Jordaan. (Hiyo ni mifano, jina lenu halimo hapo.)

Kwa hivyo jina linakupa mahali pa kutafuta, haliwezi kuwa ushahidi peke yake, kwa sababu jina hufuata baba tu. Makaburu walioana sana wao kwa wao, ni vigumu kupata familia yao ya zamani isiyo na Mhugenoti hata mmoja upande wa kina mama, na huyo mwenye jina la Kifaransa kabisa unaweza kukuta damu yake nyingi ni ya Kiholanzi na Kijerumani. Mwambie binamu hilo polepole.

Walifikaje kwenu? Kundi kubwa lilikuja 1908 likiongozwa na Jansen van Rensburg, wakashuka Mombasa kwa meli, wakapanda treni mpaka hapo hapo Nakuru unapokaa, wakafunga ng'ombe kwenye magari yao na kupanda milima hadi Uasin Gishu. Ndio maana wazee wa Eldoret bado wanaita mji Sisibo, yaani sixty-four, ni ile shamba namba 64. Wengi wa Makaburu hao walitoka Transvaal na Orange Free State baada ya vita vyao na Waingereza vilivyoisha 1902, na hilo ni muhimu kwako kwa sababu rekodi za mtu aliyezaliwa 1899 utazitafuta Afrika Kusini, sio hapa.

Sasa hiyo karatasi. Nakuomba sana, usiipeleke kulaminetiwa! Najua kwetu kila cheti lazima kilaminetiwe, lakini moto wa ile mashine na plastiki yake vinaharibu karatasi ya zamani na huwezi kuitoa tena. Iweke ndani ya bahasha safi, ipige picha karibu na dirisha mchana bila flashi, mbele na nyuma. Halafu soma neno kwa neno: geboren ni kuzaliwa, gedoopt ni kubatizwa, getrouwd ni kufunga ndoa, overleden ni kufariki. Hicho ni Kiholanzi, na inaingia akilini maana Biblia nzima kwa Kiafrikana ilitoka 1933, kabla ya hapo walisoma ya Kiholanzi. Ukiona gedoopt angalia kama mbele yake kuna jina la mahali. Hilo ndilo kanisa lao, na rejista ya ubatizo ya kanisa hilo huandika wazazi na mashahidi, na mara nyingi mashahidi ni mashangazi na wajomba.

Angalia pia vile watoto walivyopewa majina. Desturi yao kijana wa kwanza huitwa babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, na msichana wa kwanza huitwa nyanya mzaa mama. Wewe wa Nakuru huhitaji kufundishwa hilo, majirani zako Wakikuyu wanafanya karibu hivyo hivyo. Karatasi yenye watoto watano inaweza kukuambia majina ya mababu wote wanne kabla hujafungua rekodi yoyote.

Baada ya hapo tafuta ile notisi ya kifo ambayo Afrika Kusini huwekwa kwenye faili ya mirathi, inaandika marehemu alizaliwa wapi, wazazi wake, mke na watoto. Rejista nyingi za kanisa lao zimeskaniwa na ziko kwenye tovuti ya FamilySearch, ni bure, unafungua akaunti tu. Kama mzee alifia Kenya, pitia Gazeti Rasmi la serikali, matoleo ya zamani yako Google Books na yana notisi za mirathi.

DNA? Mpime nyanya kama yeye mwenyewe anataka, kabla yako. Yeye amebeba nusu kutoka kwa huyo mzee, wewe una kama asilimia 12.5 kwa wastani. Kipimo hakitakuandikia "Mhugenoti", kitakuonyesha Ulaya na orodha ya watu mnaoshiriki damu, na faida iko kwenye hiyo orodha, ukiona binamu wawili watatu kutoka Afrika Kusini wenye babu mmoja basi umeshika kamba. Lakini mweleze nyanya kila kitu kwanza, huenda kuna ndugu huko ambao hawakuwahi kusikia habari zake na hawatafurahi.

Na kitu kimoja kimenikaa moyoni, barua yako yote haina jina la huyo mama aliyeokota karatasi. Yeye ni wa ukoo gani, alifikaje kwenye hilo shamba, akiwa na miaka mingapi, alipelekwa au alienda mwenyewe? Hakuna rejista ya Franschhoek itakayokujibu hayo, nyanya ndiye anayejua na ana miaka ya juu. Nenda wikendi hii, weka simu irekodi, anza na jina la mama yake, ya Kaburu yatafuata yenyewe.

SWALI: Babu yetu alitoka Ushelisheli akafanya kazi Kisumu, jina letu ni la Kifaransa. Na sisi je? – Kijana wa Milimani, Kisumu

JIBU: Kaka, kwenu sidhani. Ushelisheli ilianza kukaliwa 1770 chini ya Wafaransa, watu wakitokea zaidi Morisi, na karibu wote walikuwa Wakatoliki. Tafuta cheti cha ubatizo cha babu, kama ni padri aliyembatiza basi Wahugenoti waweke kando uanze kuulizia Mahé, kile kisiwa kikuu cha Ushelisheli.