Anza na pampu ya maji
Dada yangu, umeuliza ni kifaa kipi cha bei nafuu umnunulie mama anayeishi peke yake Mkomani, Lamu, ili kazi za nyumba zimpungukie. Mimi ningeanza na swichi ya boya ndani ya tangi la darini, kwa kuwa kupanda ngazi kila siku kutazama kama maji yamejaa humchosha mtu mzima kuliko kuwasha taa. Maji yakipungua, boya hushuka nayo na pampu huwaka. Yakijaa, huzima yenyewe, bila simu wala intaneti.

Soketi janja inayoamrishwa kwa simu inafaa kwa feni na taa, lakini usiichomeke pampu humo kabla ya kusoma ampea (kiwango cha umeme inachohimili) zilizoandikwa mgongoni mwa soketi, maana mota inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko inapokuwa tayari inazunguka. Soketi nyingi za aina hii hupokea waifai ya masafa ya gigahezi 2.4 pekee, na kuta zetu nene za matumbawe huyazuia mawimbi, basi ruta, kile kifaa kinachotoa waifai, ikae karibu na mlango wa uani. Soketi nayo iepushe na upepo wa bahari: kwa shangazi yangu nilikuta pini za shaba zimeota kutu ya kijani.