Jibu: Sukuma wiki za chini ya gunia zinanyauka

Habari za leo, dada. Umeuliza kwa nini sukuma wiki ulizopanda kwenye matundu ya chini ya gunia zinanyauka ilhali za juu zimestawi, nazo ndizo mboga yenu tangu mshahara usimame. Kagua kwanza nguzo ya kokoto iliyo katikati, kwani udongo ukiiziba, maji huishia juu. Mimi huijenga kwa kopo lisilo na kitako, ambalo hulijaza kokoto na kulivuta juu kadiri udongo unavyopanda, kisha humwagilia taratibu juu ya kokoto hizo, hata kwa maji yaliyooshea mchele (ya sabuni siyapendi). Miche iliyokwisha kukauka ing'oe, upandikize mingine jioni.