Kukutana mwisho wa reli: mchango usiwafungie mlango walioko nyumbani

Kundi letu la tuliomaliza sekondari pamoja limeshakutana Kigoma zaidi ya mara moja, na mshika fedha ni mimi. Watu wa madarasa mengine hunipigia kuuliza tunafanyaje hadi pesa inatosha. Jibu la simu huwa fupi mno, kwa hiyo leo naliandika lote.

La kwanza: acheni kupiga bajeti ya harusi. Kwenye harusi unamchangia mtu mwingine. Ukishindwa, utanuniwa kidogo na maisha yanaendelea. Kwenye kukutana kwenu, mchangaji ndiye mgeni. Mkitangaza kiwango cha 150,000, na kadi ya singo na ya dabo juu yake, asiye nayo hatabishana na kamati. Atakaa kimya kwenye kundi, ataitikia "amina" kwenye dua za asubuhi, na siku yenyewe simu yake haitapatikana. Mara nyingi huyo siyo wa Dar wala Mwanza. Wa Dar ana mshahara na tiketi ameshakata. Anayekosekana ni wa Katonga, wa Kibirizi, wa Ujiji, ambaye bodaboda ingemfikisha ukumbini kabla soda haijapata moto. Mmesafiri siku mbili kuja kuonana naye, halafu mmeishia kuonana wenyewe kwa wenyewe, watu ambao Dar mnapishana kila siku.

Kwa hiyo bajeti yetu huanzia chini. Kabla ya kutaja kiwango chochote, mtu mmoja mwenye busara anawapigia pembeni wale ambao wote tunajua hali zao, anapiga stori, na katikati ya stori anauliza wao wangeweza ngapi. Hicho ndicho kiwango. Mambo tunayagawa mafungu mawili. Fungu la lazima ni pale pa kukaa, viti na turubai, chakula, maji na soda, na nauli ya walimu wetu wazee pamoja na bahasha yao. Fungu la mbwembwe ni fulana, MC, muziki mkubwa, keki na mpiga picha. Mchango wa kila mtu unabeba la lazima tu.

Tuseme mko 40 na mambo ya lazima yanafika 1,000,000. Kwa hesabu ya juu juu ni 25,000 kila mmoja. Lakini msihesabu watu 40, maana hawatalipa wote. Hesabuni 30, ipatikane 750,000, na ile 250,000 inayopungua muanze kuitafuta mapema kwa wenye uwezo. Ahadi msiziandike popote kwenye hesabu. Aliyeahidi laki tatu usiku wa manane ana moyo mzuri, ila mwenye ukumbi anataka kianzio.

Wenye uwezo nao wana namna ya kuendewa. Ukimwomba pesa taslimu, atakupunguzia. Ukimwambia, "Kaka, turubai na viti tumekuandikia wewe," atakwambia mbona viti vyenyewe vya plastiki, weka vyenye vitambaa, na atalipa vyote. Mwingine mpe muziki, mwingine mafuta ya jenereta maana umeme hauna adabu siku za shughuli. Shukrani zao zitolewe kwa heshima, lakini msisome viwango kwenye kipaza sauti. Hata ile orodha ya kunakili na kubandika kwenye kundi, yenye majina na kiasi mbele yake, sisi tuliipunguza: jina na alama ya vema, basi. Kuna waliosema siri inaleta wizi. Wanaotaka kuona kiasi waje kwa mshika fedha, daftari liko wazi. Kinachofichwa ni aibu ya mtu aliyetoa 10,000.

Sasa muda wa kudai. Kamati nyingi zinabanwa na kalenda ya wafanyakazi: tarehe 25 mshahara umeingia, changeni. Kwa walimu na manesi ni sawa. Mwenzenu anayevua dagaa kalenda yake ipo angani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na taa inawavuta vizuri kukiwa na giza. Mbalamwezi ikishika, mitumbwi inapumzika na mfuko nao unapumzika. Ukimdai kwenye mbalamwezi unamlazimisha akope au akukwepe. Msubiri giza liingie siku chache, mtumie salamu, hatakusumbua. Mkulima wa kahawa wa Buhigwe au wa tumbaku kule Kasulu naye hupumua akishauza msimu wake. Ndiyo maana tunaanza kuchanga mapema sana, kidogo kidogo, kila mtu akitoa pale pesa inapompitia.

Mbalamwezi hiyo hiyo inaingia hadi jikoni. Wageni wote wanataka migebuka, samaki wa ziwa letu, kwa mawese na ugali wa muhogo, na dagaa wabichi wa kukaanga. Mkipanga siku yenu kwenye mbalamwezi, mtawanunua kwa bei ya kuwashangaza. Angalieni pia uvuvi wenyewe: mwaka 2024 shughuli za uvuvi ziwani zilisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na hicho ndicho kiangazi, wakati ambao watu hupenda kupanga shughuli kwa kukwepa mvua. Kabla hamjataja tarehe, mwulizeni mtu wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa. Kama samaki hawapo, kuku na maharage vinashibisha.

Na msinunue chakula kwa sahani kama kuna dada wa darasa lenu anayejua soko. Tulimpa wetu pesa na mtu wa kumbebea, wakaenda Kibirizi alfajiri mitumbwi ikitia nanga. Hakununua kwenye beseni la kwanza. Alipita yote mikono mitupu, akiinua matamvua ya mgebuka mmoja mmoja kuona kama bado ni mekundu, akisalimia, akicheka, na aliporudi kwa yule mama wa mwanzo bei ilikuwa imeshuka yenyewe. Mpishi tulimlipa ufundi wake tu, na kuni. Tofauti yake ilitosha maji ya kunywa ya siku nzima.

Pesa ikusanyiwe kwenye laini yake peke yake, siyo ile ya mshika fedha ya kununulia vocha na unga. Mtumaji aongeze ya kutolea, la sivyo makato yataila taratibu. Mtu wa pili ajue salio kila wiki na alitangaze yeye. Hata mtu mnayemwamini kweli, mwaminini kwa kumwekea shahidi.

Halafu kuna msiba. Katikati ya uchangaji lazima mwenzenu afiwe, na sauti itatoka: "Si tuna pesa pale, tutoe rambirambi, tutarudisha." Hairudi. Nasema hivi nikijua nitaonekana nina roho ngumu. Msiba uchangiwe siku ile ile, upya, na mtaona watu wanatoa. Ile ya kukutana isiguswe.

Fulana zishonwe kwa waliolipa tu, ukubwa ukiwa umeandikwa. Safari ya Gombe ni nzuri, lakini hakuna barabara, ni boti kutoka mjini, na kuna kiingilio cha hifadhi. Kila anayetaka ajilipie. Wenye mifuko myepesi waende Ujiji kwenye mwembe wa Livingstone, warudi kula. Desemba mimi siipendi: treni na mabasi yanajaa watu wa sikukuu, na nauli inakula mchango wa mtu kabla hajafika Tabora.

Chenji ikibaki, amueni kabla ya siku yenyewe itakwenda wapi. Yetu huwa inabaki kwenye laini ile ile kuwa kianzio cha ukumbi mwingine. Kila mara kuna anayetaka igawanywe. Sawa, tugawe: 60,000 kwa watu 40 ni 1,500 kila mmoja, na kabla hajaitoa kwa wakala makato yameshachukua yao.