Kujenga DDD kutoka msimbo chanzo bila kukwama njiani

DDD (Data Display Debugger) ni uso wa picha tu wa dibaga, yaani programu ya kutafutia makosa ndani ya programu nyingine. Kazi yenyewe ya kusimamisha programu, kuitembeza mstari kwa mstari na kuchungulia kumbukumbu inafanywa na GDB, dibaga ya GNU ya mstari wa amri. Kwa hiyo anza huko: andika `gdb --version`, na isipojibu, isakinishe kabla ya kupakua chochote.

Wengi hukwama kwenye `./configure`, hatua inayokagua mfumo wako, kabla hata ya kufika `make`, inayojenga programu yenyewe. DDD imejengwa juu ya Motif, maktaba kongwe ya madirisha ambayo mifumo mingi ya leo haiji nayo. Na kuwa na Motif ya kuendeshea programu hakutoshi, maana kompaila (inayogeuza msimbo kuwa programu) inataka faili za hederi (`.h`, zinazoitambulisha maktaba kwake), ambazo hukaa katika kifurushi cha pembeni. Kwenye Debian na Ubuntu:

`sudo apt install build-essential gdb libmotif-dev libxaw7-dev libncurses-dev`

Kwenye Fedora vifurushi hivyo vinaitwa motif-devel, libXaw-devel na ncurses-devel.

Ukifungua kifurushi cha msimbo, ingia ndani ya folda yake uandike:

`./configure --prefix=$HOME/ddd`

Napendelea kuiweka ndani ya folda ya mtumiaji kuliko `/usr/local`: huhitaji `sudo`, na ukitaka kuiondoa unafuta folda moja, basi.

Ukiambiwa maktaba ya `-lXm` (ndiyo Motif) haikupatikana, usianze kubahatisha. Fungua `config.log`, tafuta neno `lXm`, kisha soma mistari iliyo chini ya amri iliyojaribiwa. Ukikuta `cannot find -lXm`, maktaba yenyewe haipo au iko mahali pasipotazamwa. Ukikuta malalamiko juu ya `Xm/Xm.h`, kinachokosekana ni hederi. Kama Motif ipo ila imewekwa mahali pasipo pa kawaida, ielekeze `./configure` kwa `--with-motif-includes` na `--with-motif-libraries`.

Sasa jenga, lakini hifadhi kila kinachochapishwa:

`make 2>&1 | tee jenga.log`

Maonyo yatamiminika, kwa sababu msimbo huu ni wa zamani na kompaila za sasa ni kali. Yaache yapite. Ujenzi ukikatika, andika `grep -n -m1 'error:' jenga.log` upate kosa la kwanza. Yanayofuata mara nyingi ni matokeo yake tu. Ukitumia `make -j4` kuharakisha, matokeo ya faili mbalimbali huchanganyikana, kwa hiyo ikishindwa rudia `make` tupu.

Kosa moja linajulikana sana kwa wanaojenga toleo la 3.3.12, la mwaka 2009: kompaila inadai kwamba `EOF` haijatangazwa ndani ya `strclass.C`. Hederi za zamani zilikuwa zikivuta `cstdio` kimyakimya. Za GCC mpya haziivuti tena. Fungua `ddd/strclass.C`, ongeza `#include <cstdio>` pamoja na hederi nyingine za juu, kisha rudia `make`. Bora zaidi, chukua toleo la 3.4 au la baadaye, uepukane na kero hiyo kabisa.

Baada ya `make install`, iendeshe kwa njia kamili, `$HOME/ddd/bin/ddd`. Kama kuna DDD nyingine iliyokuja na mfumo, `type -a ddd` itakuonyesha ipi inaitwa kwanza.

Programu unayoichunguza nayo lazima ikompailiwe inavyofaa: `g++ -g -O0`. Ukiiacha na `-O2` (uboreshaji wa kasi), utaona `<optimized out>` badala ya thamani, na mshale wa mstari utarukaruka. Ukiwa na orodha iliyoungwa kwa pointa, simamisha programu, andika `graph display *kichwa` kwenye dirisha la GDB (`kichwa` ni pointa ya mwanzo wa orodha yako), kisha bofya mara mbili pointa iliyo ndani ya kisanduku. Kisanduku cha pili kinachorwa kikiwa na mshale. Hapo pointa iliyopotea inajionyesha yenyewe, na kwa ajili ya picha hiyo tu DDD inastahili jasho lote hili.

Ikifunguka na kuganda kwenye ujumbe wa kusubiri GDB iwe tayari, mara nyingi tatizo ni mipangilio ya zamani iliyohifadhiwa. Funga DDD, andika `mv ~/.ddd ~/.ddd-zamani`, kisha ifungue upya.