Besi ya "1962" kwa kubadilishana: nitajuaje kama ni ya kweli?

SWALI

Shikamoo fundi. Napiga besi kwenye bendi ya dansi hapa Tanga, na Jumapili napiga kanisani. Kuna jamaa ana gitaa la besi, Fender Jazz Bass ya Marekani, anayosema ni ya mwaka 1962, ameipata kwa baharia. Anataka nimpe besi yangu ya nyuzi tano, ambayo hapa mjini inaweza kufika shilingi milioni 1.8, halafu nimwongezee milioni 2.5. Pia ana kichwa cha amplifaya (amplifaya bila spika) ya Fender Bassman kutoka Marekani, ananiachia kwa laki sita nikikubali biashara ya besi. Besi yenyewe ina rangi ya kuungua pembeni, imekwanguka sana, ina vifundo vitatu vya kurekebisha sauti na nukta kwenye ubao wa shingo. Bamba la chuma la nyuma halina namba. Nyuma ya shingo, pale inapokutana na bodi, pana doa lisilong'aa kama sehemu nyingine. Nilipomhoji akasema kama si ya Marekani basi ni Mjapani wa "enzi ya kesi", na thamani ni ileile. Nifanyeje?

Mpiga besi, Tanga

JIBU

Marahaba, kijana. Vizuri umeuliza kabla hujakabidhi kitu.

Tuanze na bei, maana imeshasema mengi hata kabla hatujashika bisibisi. Milioni 1.8 na 2.5 ni milioni 4.3. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 2,600, hizo ni kama dola 1,650. Jazz Bass ya 1962 ambayo haijachezewa inauzwa zaidi ya dola 10,000 huko Marekani, Ulaya na Japani, na iliyo nzuri hupanda mbali sana na hapo. Mwenye kitu cha milioni 26 na kuendelea haachii kwa milioni nne, tena nusu yake ikiwa ni gitaa lililotumika. Kwa hiyo huyo jamaa ama hajui alichonacho, ama anajua fika kuwa si ya 1962, ama si mali yake. Hilo la kutojua silipi nafasi kubwa. Kila mtu ana simu mfukoni, na neno la kwanza analoandika ni "1962".

Vifundo vitatu na nukta havitakusaidia. Jazz Bass ilipotoka 1960 ilikuwa na vifundo viwili vyenye ghorofa, kimoja juu ya kingine, na mwanzoni mwa 1962 vikawa vitatu. Nukta zilidumu mpaka 1966 zilipoingia alama za mstatili. Kwa hiyo ulichokiona kinafanana na 1962, lakini hayo ndiyo mambo ambayo besi za kuiga mwaka huo zimetengenezwa ziwe nayo. Nembo ya kichwani hata usiiangalie, inauzwa kama stika.

Mambo mawili uliyoyataja mwishoni ndiyo yenye uzito. Mwaka 1962 Fender walipiga namba kwenye lile bamba la nyuma linaloshikilia shingo kwa skrubu nne, na waliendelea hivyo hadi 1976 namba zilipohamia kichwani. Bamba tupu maana yake limebadilishwa, au besi ni nyingine kabisa. Bamba peke yake halitoshi kumtia mtu hatiani, kwa sababu linaweza kupotea au kupata kutu. Sasa liweke pamoja na hilo doa. Fender Japan ilianza 1982, na besi zake za mwanzo zilitengenezwa na kiwanda cha FujiGen mjini Matsumoto. Za kwanza kabisa, hadi kama 1984, zilipigwa bambani namba inayoanza na herufi JV. Baada ya hapo, kwa matoleo mengi ya mtindo wa 1962, namba pamoja na maneno "Made in Japan" viliwekwa nyuma ya shingo, kwenye kisigino. Ni palepale penye doa lako. Sijaiona kwa macho, lakini ningetakiwa kubashiri ningesema mtu alipitisha msasa mwembamba kufuta Japani.

Naomba hapa unielewe vizuri, kwa sababu vijana wengi wakisikia "Japani" wanadhani nimesema "bandia". Besi ya Fender Japan ni Fender halali, na nyingine zina kazi safi kuliko za Marekani za miaka hiyohiyo ya themanini. Zenye JV, zikiwa kamili, leo hupata kati ya dola 1,000 na 2,000, pengine zaidi. Matoleo yaliyofuata hushuka chini ya hapo lakini bado yana soko. Udanganyifu umeingia na msasa. Na aliyefuta amejiumiza pia, kwa sababu namba ile ndiyo ingemwambia mnunuzi mwaka na toleo. Besi nzuri ya Kijapani iliyofutwa namba inauzwa kama besi isiyo na jina.

Hiyo "enzi ya kesi" ni maneno ya kuuzia. Kesi ilikuwepo kweli: mwaka 1977 Norlin, kampuni iliyokuwa ikimiliki Gibson, iliishtaki Elger, kampuni iliyouza magitaa ya Ibanez Marekani, kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa. Umbo la kichwa tu. Fender hawakuwa sehemu ya kesi hiyo, na Fender Japan yenyewe ilizaliwa miaka mitano baadaye. Akikutajia kesi tena, muulize nani alimshtaki nani.

Ukitaka uhakika, shingo itolewe. Hakuna njia ya mkato, na mwenye besi asiyekubali ameshakujibu. Mwambie aitoe mwenyewe mbele yako, au mkutane kwa fundi, ili tundu la skrubu likilegea lawama isikuangukie wewe. Legezeni nyuzi kwanza, kisha zile skrubu nne. Kwenye kisigino cha shingo ya Marekani, kuanzia Machi 1962, utakuta mhuri wa wino. Kabla ya hapo waliandika kwa penseli. Mhuri unasomeka kama 7 OCT 63 A. Watu wengi husema "tarehe saba Oktoba". Sivyo. Saba ni namba ya aina ya shingo, yaani Jazz Bass, kisha mwezi na mwaka, na A ni upana wa shingo pale kwenye nati (kile kipande chenye mikato ya nyuzi karibu na kichwa), inchi moja na nusu. Ukikuta mtu kachonga mhuri bandia wenye namba nyingine hapo mbele kwa sababu alidhani ni tarehe, chukua gitaa lako uende nyumbani.

Mhuri unaweza kuigwa, ndiyo maana hatuishii hapo. Fungueni bamba la vifundo mtazame migongo ya potenshometa, vile vifaa vinavyozungushwa na vifundo. Zilizotoka Marekani zina namba iliyogongwa. Tarakimu tatu za mwanzo ni mtengenezaji: 304 ni Stackpole, 137 ni CTS. Kwa miaka hiyo zinazofuata ni mwaka, na mbili za mwisho ni wiki. Kwa hiyo 3046218 ni Stackpole, 1962, wiki ya 18. Namba hiyo inakupa mpaka wa upande mmoja tu: besi haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko potenshometa zake za asili, ila inaweza kuwa changa kuliko hizo. Baada ya CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, kuinunua Fender mwaka 1965, kiwanda kilijaza stoo potenshometa za 1966, na zinakutwa ndani ya magitaa ya 1968 na 1969. Kwenye nyingi za Kijapani utakuta potenshometa ndogo zisizo na namba ya namna hiyo kabisa. Hapo habari imekwisha.

Mkiwa bado mmefungua, angalieni lehemu. Lehemu ya kiwandani iliyokaa miaka sitini imefifia na haina alama ya kuyeyushwa mara ya pili. Waya za 1962 zimevikwa kitambaa, na waya za plastiki katika besi ya mwaka huo ni kazi ya fundi wa baadaye. Pikapu (sumaku inayodaka mtetemo wa nyuzi) iliyobadilishwa hushusha bei hata kama mpya inasikika vizuri zaidi, kwa sababu anayelipa dola elfu kumi halipii sauti peke yake.

Rangi nayo. Ulisema imekwanguka sana. Fender ya 1962 ilipakwa vanishi ya nitroselulosi, ambayo hupata nyufa nyembamba kama nywele, hugeuka njano, na huliwa polepole pale mkono unapolala na mkanda unaposugua. Poliesta nene, iliyokuja Fender miaka ya mwisho ya sitini na kutumika sana Japani, haichakai hivyo: hubanduka kama gamba, kingo zake zikabaki wima. Ukiona imekwanguka mahali ambapo hakuna kiungo cha mwili kinachogusa, mtu amekaa na msasa barazani. Azima kwa wakala wa pesa ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, uimulike gizani. Nitroselulosi ya zamani hung'aa kwa rangi ya kijani-njano, na palipopuliziwa upya huonekana peusi au tofauti na jirani yake. Hata lile doa litajieleza vizuri chini ya taa hiyo. Usijaribu kabisa kusugua asetoni kuona kama rangi inayeyuka. Ikiwa ni ya kweli utakuwa umeiharibu wewe, na besi iliyopakwa rangi upya kwa kawaida hupoteza karibu nusu ya bei yake.

Kwa nukta za ubao wa shingo nina neno moja tu: za 1962 hazina mng'ao, zinafanana na udongo. Zinazometa kama lulu ziliingia mwisho wa 1964. Kuna wauzaji hapa kwetu wanaosema ubao huo ni mpingo. Fender walitumia mti wa roswudi, na wa miaka hiyo ulitoka Brazili. Ni ndugu wa mpingo wetu, wote ni Dalbergia, ila wa Brazili umewekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1992. Besi yenye ubao huo haivuki mipaka ovyo bila kibali. Mtu akikuambia ana ya 1962 iliyoingia juzi, muulize karatasi.

Karatasi unazihitaji hata hivyo. Ikitokea mhuri, potenshometa, lehemu na rangi vyote vinasema 1962, usishangilie. Hapo ndipo swali la mwenye mali linaanza. Vyombo vya zamani huwa vinatafutwa. Besi ya Höfner ya Paul McCartney wa Beatles iliibwa London mwaka 1972, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba imerudi mikononi mwake. Baharia asiye na jina hatoshi. Unataka jina la aliyeuza, hati iliyosainiwa, na namba ya besi, ambayo katika hii haipo.

Sasa hesabu yako. Katika kubadilishana, kila upande hupandisha bei ya chake, na kwa kuwa fedha taslimu ni kidogo mtu haoni anapoumia. Pigia kila kitu bei kana kwamba unakiuza leo kwa noti. Kwa Fender Japan yenye msasa kisiginoni na isiyo na namba, mimi nisingevuka dola 600 hadi 700, yaani shilingi milioni 1.6 hadi 1.8. Hiyo ni bei ya besi yako peke yake. Kwa hiyo mpe mkono kwa mkono, bila nyongeza, na hata hapo baada ya kukagua kama shingo haijapinda na kama chuma cha ndani ya shingo bado kinazunguka. Kama unategemea uzi wa tano kanisani, usibadilishe kabisa. Kufuata nembo halafu ukose noti za chini kila Jumapili ni hasara ambayo haimo kwenye hesabu yangu.

Cha kushangaza, kitu chenye bei nzuri katika biashara hii ni hicho alichokuwekea kama chambo. Vichwa vya Bassman vya uso wa fedha, vilivyoanza mwishoni mwa miaka ya sitini, ni kati ya amplifaya za zamani za Fender zenye bei ya chini, lakini laki sita, kama dola 230, bado ni rahisi ikiwa transfoma zake ni nzima. Zitazame: za mtengenezaji Schumacher zina namba inayoanza na 606, ikifuatiwa na mwaka na wiki. Zikiwa zimebadilishwa, bei ishuke. Kapasita za elektroliti zilizobadilishwa na plagi ya pini tatu hazipunguzi kitu. Hizo ni matengenezo ya lazima, na ningemshuku zaidi ambaye hajayafanya.

Wasiwasi wangu ni umeme. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inataka volti 117 au 120, na ukutani kwetu kuna 230. Ikiwa kuna mtu aliichomeka moja kwa moja na fyuzi ilikuwa sahihi, huenda imekufa fyuzi tu. Ikiwa mahali pa fyuzi pamefungwa waya, na nimekuta hivyo mara nyingi, transfoma huenda imeungua. Anza kwa kuchomoa fyuzi uiangalie, kisha nusa ndani. Harufu ya vanishi iliyoungua haitoki. Usiiwashe bila transfoma ya kushusha umeme yenye nguvu ya kutosha, na usitie mkono ndani hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu kapasita, zinazohifadhi umeme, zinaweza kubaki na zaidi ya volti 400.

Mwambie mtenganishe biashara mbili: Bassman kwa fedha, besi kwa besi. Akikataa kutenganisha, achana na zote. Akikubali shingo itolewe, nitumie picha ya kisigino na ya migongo ya potenshometa, kwa mwanga wa mchana bila flashi.