Krismasi: ununue hapo hapo au uende jijini?

Ndugu yangu, umeuliza kama vitu vya Krismasi uvinunue hapo hapo kwenye mji wenu mdogo au uvifuate jiji kubwa. Mimi nasema anza nyumbani, ila wahi. Mwenye duka dogo hana ghala. Mtaji wake ni wa kuzungusha, anaagiza mzigo kidogo kidogo, kwa hiyo ukienda tarehe 23 utakuta viatu vya watoto vimebaki saizi zile tu ambazo hazimfai mtu.

Nenda sasa, asubuhi ya siku ya kazi akiwa hana msongamano, umweleze unachotaka. Atafungua daftari, ataandika jina lako na saizi, na mzigo ukija anakuwekea pembeni. Huko jijini nani atakufanyia hivyo? Tena kabla hujasema kule ni rahisi, jumlisha nauli na siku nzima utakayopoteza.

Kisichopatikana kabisa, kifuate, lakini usingoje wiki ya mwisho. Na kama una deni dukani, tafadhali lilipe mapema. Hela hiyo hiyo ndiyo anayoagizia mzigo wa sikukuu.